Jinsi ya kusafisha shotigani na maganda ya shaba ukishapiga baruti nyeusi

Wakuu, hii ni kwa wale wenzangu mlioko Marekani mlioingia kwenye mchezo wa shabaha za kikauboi, ule wa chama cha SASS (Single Action Shooting Society) ambao kila mwanachama lazima ajichagulie jina la kikauboi na avae kama mtu wa miaka ya 1880, halafu mkanogewa mkahamia kitengo cha Frontier Cartridge ambako silaha zote zinapigwa kwa baruti nyeusi au mbadala wake. Kupiga kwenyewe ni raha tupu, moshi mweupe unatanda mpaka shabaha huioni. Ngoma iko baadaye, mtu anarudi nyumbani kachoka, anaegesha shotigani kwenye kona ya gereji anasema nitasafisha jumamosi. Jumamosi anakuta mtutu umeota kutu ndani.

Walioko nyumbani mnaosoma kwa hamu tu, mnakaribishwa, ila kujijazia risasi mwenyewe bila leseni ni kesi, Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 na Kenya kuna Firearms Act sura ya 114, msije mkasema hamkuambiwa. Hapa sijazi risasi, nasafisha. Na mzee mwenye gobore lenye kibali huko bara ataona mengi yanamhusu, maana uchafu ni uleule.

Kwanza ujue unapambana na nini, ukielewa hapa mengine yote yanakuja yenyewe. Baruti nyeusi ni shura (nitreti ya potasiamu) kama asilimia 75, mkaa 15 na salfa 10. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa, inabaki kitu kigumu, sehemu inatoka nje ndio ule moshi na sehemu inaganda ndani ya mtutu na ndani ya ganda. Hicho kilichoganda kwa kiasi kikubwa ni chumvi za potasiamu, kabonati, salfeti na salfaidi. Kabonati inavuta maji kutoka hewani, kwa hiyo kama unakaa Houston au Florida kule kwenye joto la unyevu, uchafu unalowana wenyewe usiku na chuma kinaanza kuliwa. Arizona unaweza kuponea siku moja mbili, lakini usijizoeshe.

Sasa chumvi inayeyushwa na nini? Maji. Sio mafuta. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa sababu wamezoea bunduki za kisasa, wanachukua dawa ya kusafishia ya nitro, yaani ya baruti za kisasa zisizo na moshi, na mafuta ya bunduki yatokanayo na petroli wanapaka juu ya uchafu, mafuta yanachanganyika na ule masizi unapata kitu kama lami na chumvi iko palepale chini yake inakula chuma kwa nafasi. Maji kwanza, kukausha pili, mafuta mwisho. Ukigeuza huo mpangilio umefanya kazi bure.

Na usidanganyike na mbadala. Pyrodex ina pakloreti ndani, ikiungua inaacha kloraidi, yaani jamii ya chumvi ya mezani, kwa chuma hiyo ni mbaya kuliko hata baruti yenyewe. Triple Seven haina salfa, harufu yake nafuu na inatoka kwa maji vizuri tu. Zote mbili zinasafishwa siku hiyohiyo.

VIFAA. Ndoo ya plastiki ya lita 20, faneli, fimbo ya kusafishia ya geji 12 na brashi yake ya bronzi, jagi (kile kichwa kinachofungwa kwenye ncha ya fimbo) ya kushikia kitambaa, fulana za pamba zilizochakaa ukate vipande, mswaki mkuukuu, vijiti vya meno, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, glavu na chupa ya Ballistol. Hii Ballistol ni mafuta ya Wajerumani ya tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, uzuri wake yanachanganyika na maji yanageuka meupe pee, na maji yakikauka mafuta yanabaki juu ya chuma. Mchanganyiko wa watu wengi ni maji sehemu 10 kwa Ballistol sehemu 1, wengine wanapiga 7 kwa 1, sioni tofauti ya maana.

Kitu kimoja cha kusisitiza, kazi hii isifanyike kwenye sinki la jikoni wala kwa sufuria za chakula. Marisau ni madini ya risasi na fataki (kile kidude cha nyuma ya ganda kinachowasha baruti) nyingi za kisasa zina kemikali yenye risasi ndani yake, hiyo ni sumu hasa kwa watoto. Fanya nje au gereji, vaa glavu, ukimaliza nawa kwa sabuni kabla hujagusa simu wala mandazi.

HATUA YA 1, UKIWA BADO UWANJANI

Usafi unaanzia hapa na ndio unaokupunguzia kazi ya jioni. Beba kopo la plastiki lenye mfuniko, tia maji na matone ya sabuni, kila ukimaliza raundi maganda ya shaba yaliyokwishalipuka unayadumbukiza humo. Uchafu hauwahi kukauka, ukifika nyumbani umeshaachia nusu. Wengine wanatia siki, mimi sipendi, siki ikikaa muda mrefu inatoa zinki kwenye shaba hii ya njano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na ganda linageuka la pinki, hilo limeshadhoofika. Kama ni lazima siki basi dakika 10 na suuza.

Ganda ambalo halikulipuka halitiwi kwenye kopo. Ukivuta triga ukasikia tik tu, usiwe na haraka ya kufungua, shikilia mtutu umeelekea kwenye shabaha uhesabu sekunde 30 angalau, ndipo ufungue na umkabidhi msimamizi wa uwanja. Na angalia nyasi mbele yako, zile wadi za nyuzi (vizibo vinavyokaa kati ya baruti na marisau) zinatoka zikifuka moto, kiangazi cha Texas au California zinawasha moto kweli.

Ukimaliza siku, kabla ya kupakia gari, nyunyizia ule mchanganyiko wa Ballistol na maji ndani ya mitutu na upitishe kitambaa kimoja. Hii sio kusafisha, ni kununua muda wa barabarani.

HATUA YA 2, KUFUNGUA BUNDUKI

Hakikisha haina kitu. Angalia kwa macho, halafu tia kidole kwenye chemba zote mbili, pale ganda linapokaa, ndiyo hata kama ulishaangalia uwanjani. Risasi zote nzima ziwe chumba kingine kabisa.

Kwa ile ya mitutu miwili pembeni kwa pembeni kazi ni nyepesi, toa mbao ya mbele, kunja bunduki kwenye bawaba yake, mitutu inatoka mkononi mwako na kitako unakiweka pembeni mbali na maji. Winchester 1897 ya pampu ziko zinazofunguka na zisizofunguka. Winchester 1887, ile ya mkono wa kuvuta chini aliyoibuni John Browning, kwa kawaida mtutu hautoki, kwa hiyo usimwagie maji na faneli, yatashuka yote kwenye mitambo. Hiyo geuza juu chini, fungua mtambo, ziba kwa taulo, halafu safisha kutokea mdomoni kwa vitambaa vilivyolowa kimoja baada ya kingine. Inachosha ila ndio njia.

HATUA YA 3, MITUTU

Simamisha mitutu ndani ya ndoo, chemba juu mdomo chini, weka faneli kwenye chemba umimine maji ya moto yenye sabuni taratibu, kama lita moja kila mtutu. Maji yatakayotoka chini ni meusi na yatakupiga na harufu ya yai viza, usishtuke, hiyo ni salfaidi inatoka, ni dalili njema. Rudia mpaka maji yaanze kuwa ya kijivu.

Kisha chovya brashi kwenye maji ya sabuni upitishe mtutu mzima, nenda mpaka itokee upande wa pili ndipo urudi, usigeuzie katikati. Chemba na pale chemba inapobana kuingia kwenye mtutu paongezee mikono, uchafu mgumu unapenda kukaa pale.

Halafu njia ninayoipenda, funga kitambaa kwenye jagi kibane kiasi, mdomo wa mtutu ukiwa bado ndani ya maji ya ndoo, vuta fimbo juu na ushushe, juu na chini, kitambaa kinanyonya maji kupanda mtutuni na kuyasukuma chini. Dakika mbili za hivyo zinashinda nusu saa ya kusugua. Badilisha maji ya ndoo, suuza kwa maji safi ya moto yasiyo na sabuni.

Mabishano ya maji yanayochemka au ya vuguvugu hayaishi. Wa maji yanayochemka wanasema chuma kinapata moto kinajikausha chenyewe, na kweli, jeshi la Uingereza lilikuwa linagawa faneli ya kumwagia maji yanayochemka kwenye mtutu wa Lee-Enfield, kwa sababu fataki za wakati ule zilikuwa zinaacha chumvi. Wa vuguvugu wanasema chuma cha moto kikiwa na maji kinatoa kutu nyepesi ya kahawia palepale. Wote wako sahihi. Mimi natumia maji ya moto ya bomba, yale mkono unayavumilia kwa shida, na sichelewi kukausha. Ukichelewa, kutu ile ya papo hapo utaiona kwenye kitambaa, inafutika kwa mafuta, haijachimba.

Kama bunduki ni ya zamani, zile za Kiingereza zenye mitutu ya Damaskasi, yaani iliyosukwa kwa vipande vya chuma vilivyochomelewa pamoja, tahadhari. Mitutu miwili imeunganishwa kwa ubavu wa chuma uliolehemiwa, na lehemu ikiachia hata kidogo maji yanaingia chini ya ubavu hayatoki, kutu inakula kwa ndani usikoona. Ning'iniza mitutu kwa uzi upige kwa ukucha au kijiti, ikilia kwa sauti ndefu safi iko salama, ikitoa sauti ya kukwaruza au iliyokufa basi usiitumbukize, tumia vitambaa vya maji tu na umpelekee fundi bunduki. Na bunduki ya umri huo kabla ya kuipiga kwanza ionwe na fundi, hilo halina mjadala.

Kukausha. Pitisha vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke kikavu na cheupe, halafu pitisha kingine. Kitambaa cha kwanza kitakuwa cheusi ti, cha tatu cha nne kijivu, ukifika cha sita bado kijivu rudi kwenye maji usijidanganye. Angalia mtutu kwa kuuelekeza kwenye mwanga, ukiona michirizi myeupe au ya rangi rangi, hiyo ni plastiki ya wadi iliyoyeyuka, maana yake umepiga wadi za plastiki, na baruti nyeusi na plastiki haziivi. Maji ya moto sana yanaibandua inatoka kama ngozi. Ukitumia maganda ya shaba na wadi za nyuzi na kadi huna hilo tatizo, na hiyo kwangu ni sababu kubwa kuliko hata urembo wa shaba.

HATUA YA 4, MITAMBO NA MBAO

Hapa maji ni kidogo. Chovya mswaki kwenye mchanganyiko wa Ballistol, sugua ule uso wa chuma unaozibia chemba, vitundu vya pini za kupigia, bawaba, na kile kidude cha kusukumia ganda, kitoe nje kidogo usugue chini yake kwa kijiti cha meno. Moshi unapenya mpaka sehemu usizotegemea. Nyundo za nje na sehemu yote ulipokuwa unashika futa pia, mikono yenye masizi inaacha chumvi kwenye mbao na kwenye chuma.

Usifungue skrubu kila mara. Skrubu za bunduki zina mkato mwembamba, bisibisi ya kawaida inazichana, ukiona skrubu zimechanika ujue bunduki imepita kwa mtu mwenye haraka. Mitambo ya ndani mara moja kwa msimu inatosha, na kama huna bisibisi zake mpe fundi.

Mbao futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kausha, basi.

HATUA YA 5, MAFUTA

Kitambaa chenye Ballistol isiyochanganywa kipite mitutu yote, ndani na nje, na kwenye mitambo kwa kiasi. Kiasi nimesema. Mafuta mengi yanateremka kwenye mbao ya kitako, mbao inalainika na kuwa nyeusi pale inapokutana na chuma. Ndio maana usiku wa kwanza simamisha bunduki mdomo chini juu ya taulo.

Kesho yake, na hapa ndipo wavivu wanapojulikana, pitisha kitambaa kimoja cheupe. Kikitoka safi umemaliza. Kikitoka na rangi ya chungwa au kahawia kuna chumvi ilibaki, rudia maji, kausha, paka. Wiki ikipita angalia tena.

HATUA YA 6, MAGANDA YA SHABA

Hapa ndipo pesa yako ilipo, maana ganda moja la shaba likitunzwa linapigwa miaka na miaka, wakati la plastiki baruti nyeusi inalitoboa mapema.

Anza kwa kutoa fataki iliyotumika kabla ya kuosha, ukiiacha uchafu unabaki umenasa nyuma yake na maji hayakauki. Simamisha ganda juu ya kibao chenye tundu, ingiza fimbo ya chuma nyembamba kupitia tundu la moto, lile dogo linalopitisha moto wa fataki kwenda kwenye baruti, gonga kidogo, fataki inadondoka. Hii ni kwa maganda yaliyopigwa tu, mwenye fataki nzima asiguse. Na ni kwa maganda yenye tundu moja katikati, mfumo wa Boxer. Yale ya Berdan yana vitundu viwili pembeni, fimbo haipiti. Cha kuchekesha Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, na leo Wamarekani ndio wa Boxer.

Baadaye osha kwa maji ya moto ya sabuni, ndani kwa brashi ya chupa. Mdomoni utakuta mabaki ya gundi iliyokuwa imeshikilia kadi ya juu, yalowanishe yabandue kwa ukucha au kijiti cha mbao, usikwangue kwa kisu, ukuta wa ganda hili ni mwembamba. Tundu la fataki lina kibrashi chake, na maganda ya Magtech kutoka Brazili yanatumia fataki ya bastola kubwa, sio ile namba 209 ya shotigani za kawaida, kwa hiyo nunua kibrashi cha saizi hiyo.

Baada ya hapo shaba bado itakuwa na weusi weusi, hiyo ni salfa imeshika kwenye shaba. Loweka kwenye maji ya moto yenye asidi ya limau, ile unga inayouzwa ya kupikia jamu, kijiko kidogo kwa lita, dakika 10, toa, suuza sana. Mwenye mashine ya kuzungusha yenye vipini (vijisindano) vya chuma cha pua atie maji, tone la sabuni na kiduchu cha hiyo asidi, saa mbili tatu maganda yanatoka yanang'aa utafikiri mapya. Hesabu vipini visibaki ndani, hasa kwenye tundu la moto, vinapenda kunasa viwili viwili. Kuzungusha kikavu kwa punje za mahindi au maganda ya jozi sishauri kabla ya kuosha, vumbi lake lina risasi na utalivuta puani.

Amonia weka mbali kabisa, ikiwemo zile dawa za kusafishia vioo na za kung'arishia shaba, soma lebo. Karne ya 19 jeshi la Waingereza India lilikuwa linakuta risasi zake za shaba zimepasuka zenyewe msimu wa masika zikiwa stoo, na stoo zenyewe zilikuwa mazizi ya farasi. Ilikuja kuelezwa mwaka 1921 kwamba ni amonia ya mkojo wa farasi, ikikutana na unyevu na shaba iliyokazwa kiwandani, inaipasua. Ganda lako linaweza kupasuka hivyohivyo na kwa macho lilikuwa zuri tu.

Kausha kwa jua au juu ya taulo mbele ya feni, mdomo chini. Wa oveni waishie Farenhaiti 200, sio zaidi, shaba ikipata moto mwingi inalainika na kitako cha ganda ndicho kinachobeba presha. Ganda lililopita kwenye moto wa nyumba au jiko halipigwi tena.

Mwisho kagua moja moja. Zungusha chini ya taa, tafuta ufa mdomoni na mstari mng'avu karibu na kitako, angalia kama tundu la fataki limelegea. Lenye kasoro libane kwa koleo lipondeke kabisa ndipo ulitupe, ukiliacha zima kuna siku litarudi kwenye boksi la mazuri. Shaba ikifubaa rangi wala usihangaike, hiyo ni sura tu.

Maji machafu ya ndoo usiyamwagie kwenye mboga wala yasiende kwa kuku, vitambaa vyeusi vitupe kwenye mfuko ukiwa umefungwa, na brashi yenyewe isuuzwe ikauke, nayo ina chumvi. Siku ya kwenda tena uwanjani, kabla ya kutia ganda la kwanza pitisha kitambaa kikavu mara mbili kila mtutu na kila chemba, mafuta yote yatoke.